Mbuzi wa Unga wa Ngano

Siku ya ngurario ya mdogo wetu walikuwepo hawa: mimi, mtoto wa kwanza wa nyumba hii, ndugu yangu wa katikati, mwendesha bodaboda hapa Ngoingwa, Thika, mdogo wetu wa mwisho, ambaye ndiye bibi harusi, baba mdogo kutoka Ruiru, ambaye ndiye msemaji wa ukoo wetu, mke wa baba mdogo, ndani ya gauni lililoshonewa siku hiyo, mjomba, kaka ya marehemu mama, aliyefika kutoka Ngoliba na vumbi la Ngoliba, bwana harusi na mama yake kutoka Juja, msemaji wao, mzee mwembamba mwenye maneno machache, akina mama wa kanisa letu, ambao hawakutulia mahali pamoja hata nikajua walikuwa wangapi, na benchi moja la wasichana wadogo. Pia alikuwepo mbuzi. Huyo nilimwoka mwenyewe.

Ngurario ndiyo harusi yetu ya kienyeji. Bwana harusi husimamishwa mbele ya wazee akapewa kisu, akakata bega la mbuzi aliyechomwa, mahali hasa mfupa unapokutana na mwenzake. Akikata vizuri, ndoa imekaa; akigonga mfupa, anatozwa faini ya mbuzi. Kisha nyama inagawanywa, na kila kundi lina fungu lake: wazee, akina mama, wasichana. Ukitaka kujua ukoo unakuonaje, usiulize mtu. Ngoja nyama igawanywe.

Mbuzi wa shughuli hiyo huletwa na upande wa bwana harusi. Zamani walikuja kwa miguu, wakilia njiani. Siku hizi wanaingia kwenye simu, wakiwa pesa. Wa kwetu waliingia kwenye simu ya baba mdogo, na kazi yake ilikuwa kuwatoa humo, kuwapeleka sokoni na kuwageuza wawe mbuzi wenye kwato. Waliingia vizuri sana. Shida ilikuwa kutoka.

Kikao cha kamati kilifanyika Ruiru, nyumbani kwake, kwenye kochi la baba yetu. Kochi hilo lina historia fupi. Wazazi wetu walipofariki, mmoja akimfuata mwenzake kabla hatujamaliza kuanua hema la matanga ya kwanza, baba mdogo alisimama makaburini akasema, “Kuanzia leo hawa ni watoto wangu.” Watu walilia. Jioni alikuja na pikapu akachukua kochi ili atutunzie. Kochi bado analitunza. Sisi hakutuchukua, labda kwa sababu pikapu ilikuwa imejaa.

Nilikuwa kidato cha pili. Niliacha shule nikaingia kwenye unga. Sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kukosea, na ndugu zangu ndio waliokula makosa. Kulikuwa na mandazi ya wiki za mwanzo ambayo ndugu yangu alidai yangeweza kuzuia gari mlimani. Baadaye yalianza kuvimba, wateja wakaja, nikaongeza hafukeki, zile za mraba zinazopasuka juu, kisha keki. Oveni sina mpaka leo. Naweka mchanga ndani ya sufuria kubwa, sufuria ndogo ndani yake, kifuniko, na makaa juu ya kifuniko. Ukizidisha makaa ya juu keki inavaa kofia nyeusi, ukipunguza inabaki na uji katikati. Mdogo wetu alikuwa hajaanza kutembea vizuri siku hizo. Nilimfunga mgongoni kwa leso nikakanda unga naye humo, na kila nilipoinama naye aliinama. Akina mama wa soko walisema mtoto huyu atakuja kuwa kondakta au mwokaji kwa vile alivyozoea kutikiswa. Amekuwa mhasibu.

Turudi kwenye kochi.

“Siku hizi watu wa maana hawachinji,” alisema baba mdogo. “Wazee wana presha. Nyama nyekundu madaktari wamekataza.”

“Baba mdogo,” alisema ndugu yangu, “Jumapili si nilikuona hapo kwa choma?”

“Hizo zilikuwa mbavu. Mbavu si nyama sana.”

Mke wake alitoa simu akatuonyesha keki. Kulikuwa na keki ya umbo la kibuyu, keki ya kiondo yenye mikono yake, keki ya nyumba ya nyasi. Zote zilikuwa za ngurario za watu wa Ruiru, na inaonekana hakuna familia inayojiheshimu huko inayooza binti bila kuoka chombo fulani cha nyanya yao.

“Sisi tutakuwa na mbuzi,” alisema. “Mbuzi mzima, wa keki. Hakuna mtu Ruiru amefanya mbuzi.”

Baba mdogo alifurahi kama mtu aliyeonyeshwa mlango wa nyuma. “Na kwa kuwa ni mbuzi,” alisema, “atagawanywa kama mbuzi. Bega ni la bwana na bibi harusi. Kichwa ni cha wazee. Masikio ni ya wasichana. Na mgongo ni wa mama ya bibi harusi, kwa sababu ndiye aliyembeba mtoto mgongoni.”

Hiyo ya mgongo sijaisikia mahali pengine kabla ya hapo wala baadaye. Lakini aliitamka kwa sauti ya mila, na kila mtu akaitikia kwa kichwa.

“Mama hayupo,” alisema ndugu yangu.

“Mama mdogo yupo,” alisema baba mdogo, na mke wake akarekebisha kitambaa kichwani. Hapo nikaelewa kwa nini gauni lilikuwa limekwenda kwa fundi mapema.

“Na huyu?” Ndugu yangu alinionyesha kwa kidevu.

“Huyu hajaolewa. Mwanamke ambaye hajaolewa ni msichana, hata akiwa na mvi. Atakula sikio na wasichana wenzake. Si mimi nimesema, ni mila.”

Niseme wazi: niliutaka mgongo ule. Sikuwa na haja ya keki. Keki nakula makombo yake kila siku. Nilitaka watu wa Juja na watu wa kanisa na hata lile kochi lishuhudie mdogo wangu akipiga magoti na kumlisha yule aliyembeba. Lakini ukibishana na mtu aliyekalia mali yako, unabishana ukiwa umesimama. Nilisema, “Sawa,” nikauliza wanataka mbuzi aliyelala au aliyesimama.

“Aliyesimama,” alisema mke wa baba mdogo.

“Atalala,” nikasema.

Kiwiliwili nilikioka kwa sufuria, keki juu ya keki, nikazibandika kwa jemu na kuzichonga kwa kisu cha mkate. Kichwa, pembe na miguu nilitumia unga mgumu wa hafukeki, wenye mayai machache na sukari ya kutosha, ule unaoukanda mpaka kiganja kinakataa. Unga laini hauwezi kuwa pembe. Manyoya niliyachora kwa uma kwenye sukari iliyopikwa na kakao. Bega lilinisumbua. Kila nikilibandika lilikuwa linateleza polepole kama mtu anayesinzia kanisani, mwishowe nikalishikilia kwa kijiti cha mshikaki, kimoja kinene, ndani kabisa. Masikio niliyafanya makubwa. Kama ndilo fungu langu, angalau lishibishe.

Ndugu yangu alikuja kumkagua, helmeti mkononi.

“Sista, hii ni mbwa.”

“Ni mbuzi.”

“Hii ni mbwa imetoka kula harusi ya wenyewe.”

Nikamwekea ndevu za nazi iliyokunwa. “Na sasa?”

Alimzunguka mara moja. “Sasa ni mbwa mzee.”

Siku yenyewe wageni walifika mchana, wakaimbiwa getini, wakakataliwa kidogo kama inavyotakiwa, wakaingia. Mdogo wetu alifunikwa leso pamoja na wenzake ili bwana harusi amtambue, naye akamtambua kwa viatu. Wazee walilalamika kwamba viatu ni wizi wa mtihani, lakini wakamwacha. Kwenye hema mbele palikuwa na viti viwili vilivyopambwa vya wazazi wa bibi harusi. Baba mdogo alikalia kimoja, mke wake kingine, gauni likajaa mpaka likamwagikia pembeni. Mimi nilikaa kwenye benchi la wasichana. Magoti yangu yalifika karibu na kidevu.

“Anti,” aliniuliza msichana mmoja mwenye peremende mdomoni, “mbona unakaa na sisi?”

“Kwa sababu sijaolewa.”

Alifikiri. “Hata mimi.”

Akanisogezea nafasi.

Mbuzi alipoletwa, yule mzee mwembamba, msemaji wa Juja, alisimama. Alimtazama kwa muda, akatazama nyuma ya hema kama anayetafuta moshi.

“Mbuzi tuliowatumia wako wapi?”

“Huyu hapa,” alisema baba mdogo.

“Hii ni keki.”

“Mzee wangu, huyu ni mbuzi. Mila haiangalii ngozi, inaangalia moyo. Mbuzi huyu ametengwa kwa kazi ya mbuzi, ameletwa mbele ya wazee kama mbuzi, na kila sheria ya mbuzi inamhusu.”

“Kila sheria?”

“Kila sheria. Bila kupunguza hata moja.”

“Vizuri,” alisema mzee, akakaa. Nilimwona mjomba, kule nyuma na kikombe chake cha chai, akiacha kutafuna.

Bwana harusi akapewa kisu. Ni kijana mzuri, anafundisha mambo ya mashine huko Juja, na alikuwa amefundishwa na wajomba zake jinsi ya kupapasa bega mpaka apate kiungo. Kwa hiyo alipapasa. Alibonyeza keki kwa kidole, akabonyeza tena, uso umejaa jasho, akitafuta maungo ya mnyama aliyeokwa na shemeji yake kwenye sufuria.

“Tafuta kiungo!” wazee walimpigia kelele.

“Natafuta!”

“Si hapo, hapo ni mbavu! Umeona mbuzi lini, kwa kompyuta?”

Alikata. Kisu kilishuka vizuri kwenye keki, kisha kikalia *ka!* na kukwama.

Baba mdogo aliruka kutoka kitini kana kwamba amesubiri sauti hiyo maisha yake yote. “Mfupa! Amegonga mfupa! Faini! Mbuzi mmoja, na safari hii aje kwa miguu!”

Upande wetu ukashangilia, na akina mama wa kanisa wakapiga vigelegele kwa mazoea tu. Bwana harusi alisimama na kisu mkononi kama mtu aliyekamatwa. Mzee wa Juja alienda polepole mpaka mezani, akaingiza vidole viwili ndani ya bega, akavuta kijiti cha mshikaki, akakilamba, akakiinua juu.

“Huu ni mti.”

“Ni mfupa wa mbuzi wetu,” alisema baba mdogo, ingawa sauti ilikuwa imeanza kurudi nyuma.

“Mbuzi mwenye mti begani ni mbuzi mwenye kasoro. Kwetu, anayewawekea wakwe mbuzi mwenye kasoro hutozwa faini. Nafikiri hata kwenu. Au sheria hiyo haimhusu huyu?”

Baba mdogo alitazama kijiti, akatazama wazee wake, na wazee wake wakatazama soda zao. Kisha akafanya alichokifanya makaburini, isipokuwa kinyume: alikana kwamba sisi ni wake.

“Mimi sikuoka,” alisema. “Mimi unga siujui. Mbuzi ni wa huyu.” Akanionyesha pale benchini kati ya wasichana. “Ni yeye aliweka mti, alipe yeye.”

Hapo ndipo mjomba aliposimama. Ni mtu wa shamba, na kwenye ngurario mjomba wa bibi harusi husikilizwa hata akikosea. Hakupaza sauti.

“Nina swali dogo tu. Huyu unayemtoza, kwenu anakula fungu gani?”

“Sikio,” alisema baba mdogo.

“Kwa hiyo ni msichana.”

“Ni msichana. Hajaolewa.”

“Msichana wa kwenu akiachilia ng'ombe waingie shamba la jirani, nani analipa?”

“Baba yake.”

“Na baba yake hayupo. Lakini kuna mtu alisema makaburini kwamba hawa watoto ni wake. Nilikuwa hapo, nilikuwa nimeshika koleo. Kama ni msichana, basi wewe ndiye baba, toa mbuzi. Na kama atalipa mwenyewe, basi ni mtu mwenye boma lake, na mwenye boma hapewi sikio.” Alikunywa chai. “Sisi watu wa Ngoliba hatuna haraka. Chagua.”

Nimemwona baba mdogo akiwa na huzuni, nimemwona akiwa na furaha, lakini sijawahi kumwona akifikiri kwa bidii kama siku hiyo. Upande mmoja palikuwa na mbuzi mzima. Upande wa pili alikuwa mke wake. Alimtazama mke wake, akatazama mbuzi.

“Unajua,” alisema, “mila pia inabadilika.”

“Ati nini?” alisema mke wake.

“Huyu mtoto ana boma. Hilo hata mimi nimekuwa nikilisema. Ana nyumba, ana jiko, amelea. Alipe mwenyewe, halafu apewe mgongo wake, mambo yaishe. Mama watoto, hebu mpishe hicho kiti.”

“Nimpishe niende wapi?”

“Pale kwa benchi pamebaki nafasi.”

“Na gauni langu?”

Mke wake hakwenda benchini, alikwenda kukaa na akina mama wa kanisa, ambao walimpokea kwa upendo wa Kikristo na kumpa vitunguu akate.

Mzee wa Juja alinigeukia. “Mama,” alisema, na benchi zima la wasichana likanitazama kuona ni nani anaitwa. “Unakubali faini?”

“Nakubali.”

“Ngoja kwanza. Hujaambiwa ni mbuzi gani.”

“Yeyote.”

“Dume. Aliyekomaa, asiye na kasoro.”

“Nakubali.”

“Mbona unafurahia faini?” alisema, na kwa mara ya kwanza alitabasamu. “Watu wa Thika mko na mambo.”

Nilikaa kwenye kile kiti kilichopambwa. Kilikuwa bado na joto. Mdogo wangu alikatiwa kipande kirefu cha mgongo, akaja nacho kwenye sahani, leso imemrudi mabegani, akapiga magoti mbele yangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mazito. Alininong'oneza, “Sista, sukari imezidi.”

“Nyamaza unilishe.”

“Na huku juu imeungua.”

“Nimesema nyamaza.”

Akacheka, akilia, makombo yakaangukia gauni lake. Alikuwa sahihi: makaa ya juu yalikuwa yamezidi na mgongo ulikuwa umekauka. Niliumaliza wote. Mama mmoja wa kanisa aliomba aonje kidogo nikamwambia aende kwenye miguu, iko mingi. Lile sikio langu alilichukua yule msichana wa peremende, akalila pamoja na lake, na jioni nasikia alitapika.

Sasa ndoa imekaa, mdogo wetu yuko Juja, na anaendelea vizuri. Mimi niko Ngoingwa na unga wangu. Watu wamenisikia, na nimeshaombwa mbuzi wengine wa keki, mmoja aliyesimama, nikakataa. Mama ya bwana harusi hunipigia simu mara kwa mara, kunijulia hali kwanza, halafu shughuli.

“Muthoni,” ananiita, neno wanaloitana wakwe, na ambalo hakuna mtu anayemwita msichana. “Yule mbuzi wetu hajafika.”

“Atafika, muthoni. Mambo ni hafukeki siku hizi, naoka mpaka mikono inauma.”

“Basi usisahau.”

“Nitasahauje?”

Anayehangaika ni baba mdogo. Anasema ukoo unaaibika, kwamba deni la wakwe halikai namna hiyo, kwamba watu wa Ruiru wameanza kuuliza. Wiki iliyopita alipiga simu na wazo. Nisijisumbue na masoko na usafiri, alisema. Nimwekee tu huyo mbuzi kwenye simu yake, yeye mwenyewe atamfikisha Juja.

Nilimshukuru. Mjomba naye ameniwekea beberu mmoja kule Ngoliba, amekomaa, hana kasoro, na kila tukizungumza ananiuliza amlete lini. Namwambia bado kidogo. Nitalipa, sijawahi kukosa kulipa kitu cha mtu, na wakwe wanajua hivyo. Lakini sina haraka; msichana hadaiwi mbuzi. Mpaka leo, nikiwa hapa naandika na unga uko chini ya kitambaa unavimba, watu wa Juja wananidai mbuzi mmoja, dume.